Sura ya Tisa: Mhuri wa Marehemu

Askari wa zamu alikuwa anakunywa chai, na Inspekta Felista Mbwambo hakuwa na subira ya kumngoja amalize kitumbua. Alizichukua funguo juu ya meza, akafungua mwenyewe mlango wa mahabusu ya wanawake.

Raya alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Nguo zake nyeupe za eda zilikuwa zimeshika uchafu wa saruji magotini na kwenye pindo. Siku ishirini na tatu tu zilizopita alimzika mumewe, Hafidhi, katibu wa timu ya mpira ya wasichana ya Mkuyuni Sisters. Jana mchana askari wawili walimtoa chumbani alimokuwa amekaa eda, wakampakia nyuma ya gari mbele ya majirani, naye hata kandambili hakuwahi kuvaa.

"Pole, mama," Felista alisema.

"Nimeshapoa, afande."

"Umekula?"

"Sina njaa." Raya akainua uso. "Nina swali moja. Hizi siku ninazokaa humu, zinahesabika kwenye eda yangu au nitaanza upya?"

Felista alikuwa Mpare wa Usangi, Mkristo, na swali lile halikuwa lake kulijibu. Aligeuka akamtazama yule askari mlangoni, Mwislamu aliyekuwa anajifuta midomo, naye akatazama pembeni. Hasira ilimpanda Felista mpaka masikioni. Kituo kizima kilijua kumkamata mjane, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza jambo hilo.

"Sijui, mama. Nitauliza. Sasa niambie habari za mhuri."

"Nimeshawaambia. Sijui ulipo."

"Niambie mimi."

Raya akavuta pumzi. Mhuri wa timu, alisema, ulikaa siku zote kwenye mkoba wa ngozi wa Hafidhi, pamoja na kidau chake cha wino. Hafidhi alikuwa na wazimu wa mhuri. Hata akimwandikia jirani karatasi ya kuazima jembe, alikuwa anagonga. Siku ya maziko yeye alikuwa chumbani na wanawake. Nje watu walijaa, watani walikuwa wanafanya vituko vyao kama kawaida, hiki kimebebwa, kile kimefichwa. Siku ya nne alipoomba aletewe mkoba, mkoba ulikuja bila mhuri.

"Ukamwambia nani?"

"Mwenyekiti. Nilimtumia ujumbe wa mdomo kwa mtoto wa jirani, kwamba mhuri hauonekani. Sijui kama ulimfika. Nilidhani utatokea tu, vitu vya msibani huwa vinatokea."

"Na hati hukusaini?"

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Raya ilipanda. "Niiuze timu anayochezea binti yangu? Timu niliyoipikia ugali miaka tisa?"

Felista alifunga mlango taratibu, ingawa mkono ulitaka kuubamiza.

Ofisini, jalada lilikuwa jembamba na jepesi kueleweka, na hilo ndilo lililompendeza bosi wake, Afande Abdulatif. Hati ya tarehe kumi na sita Juni ilikuwa imeikabidhi Mkuyuni Sisters kwa klabu ya wanaume ya Nguru Rovers: jina, nafasi yake Ligi Kuu ya Wanawake, na wachezaji wote ishirini na wanne. Chini kulikuwa na sahihi ya Raya, naibu katibu, na juu ya sahihi mhuri wa timu, duara la buluu lenye mpira katikati. Mlalamikaji alikuwa mwenyekiti wa timu, Bwana Twalibu, mtu mzima aliyelia kituoni mara mbili kwa leso, akisema mjane amewauza watoto wao.

"Mhuri ulikuwa nyumbani kwake. Sahihi ni yake. Unataka nini zaidi?" Abdulatif aliuliza.

"Sahihi haijapimwa, afande. Mtaalamu wa Dar amesema wiki tatu. Na mhuri wenyewe hatujaupata."

"Ameutupa chooni. Saa tisa gari la mahakamani linaondoka naye."

"Ni mwanamke aliye edani!"

"Ni mtuhumiwa, Felista. Saa tisa."

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Felista alichukua hati ile kwenye bahasha yake ya plastiki, akatoka bila kupiga saluti. 

Alianzia nyuma ya soko, kwenye duka la Mama Jayshree. Familia yake ilikuwa inachapa kadi za harusi na kuchonga mihuri tangu mji haujawa na taa za barabarani, na mjini Morogoro hakukuwa na shule, msikiti wala saccos ambayo mhuri wake haukupita mikononi mwao. Mama Jayshree alikuwa na desturi moja aliyorithi kwa baba mkwe wake: kila mhuri ukikamilika, alama yake ya kwanza kabisa anaigonga kwenye daftari lake kubwa, anaandika tarehe na jina la aliyeagiza.

"Lete hiyo karatasi," alisema, akavaa miwani. Aliitazama hati, kisha akafungua daftari la zamani. "Huu hapa wa kwanza. Marehemu mume wangu, Dilip, ndiye aliuchonga, miaka tisa iliyopita. Wa mbao, wa kuchovya kwenye kidau, na Mzee Hafidhi alitaka wino wa zambarau, rangi nyingine hataki." Akafungua daftari la pili. "Na huu wa pili. Tarehe kumi na moja, mwezi huuhuu. Wa kisasa, unabonyeza wino unatoka wenyewe. Buluu."

Felista aliweka hati kando ya daftari. Duara la kwenye hati lilikuwa la buluu, na mpira wake ulikuwa na mishono minene, sawasawa na ule wa pili.

"Nani aliagiza?"

Mama Jayshree alimgeuzia daftari. Kwenye safu ya jina palikuwa pameandikwa: Raya Hafidhi.

 Kichwani mwake Felista alimwona Afande Abdulatif akitabasamu.

"Alikuja mwenyewe?"

"Hapana, alikuja mwanamume. Mtu mzima, kofia imeshuka mpaka hapa, barakoa usoni, anakohoa kohoa. Traksuti ya Nguru Rovers, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Alisema ametumwa. Alileta barua ya zamani ya timu niifuate."

"Hukumuuliza mhuri wa zamani uko wapi?"

"Nilimuuliza! Kazi yangu si ya mchezo, dada. Nikamwambia, mimi sichongi mhuri wa pili wakati wa kwanza uko hai. Akanijibu: 'Uko ndani kwa mjane, mama, na mjane yuko edani, hatuwezi kumsumbua.' Nikaona ni neno la adabu. Nikachonga."

Felista alilisikia neno lile, akalirudia kimoyomoyo, na akaliandika kwenye kijitabu chake kama lilivyotamkwa. Kisha akapiga picha kurasa zote mbili, akamwandikia Mama Jayshree hati ya kumwachia madaftari yale mikononi kama vielelezo, asimpe mtu mwingine yeyote.

Traksuti ilimpeleka kwa Nguru Rovers.

Mambo yalikuwa hivi. Siku hizi klabu ya wanaume haipewi leseni ya kucheza mashindano ya Afrika kama haina timu ya wanawake. Watu ambao maisha yao yote hawajawahi kumnunulia msichana hata soksi sasa walikuwa wanazunguka nchi nzima wakitafuta timu, wanahangaika kama mzazi anayetafuta cheti cha kuzaliwa siku ya mwisho ya kuandikisha shule. Mechi za wasichana nazo zimeanza kuonyeshwa kwenye televisheni, wadhamini wamenusa. Kujenga timu kunataka miaka. Kuichukua iliyokwishajengwa kunataka karatasi moja na mhuri.

Meneja wa leseni wa Nguru Rovers, kijana wa Dar aliyeitwa Raphael, alikuwa amepanga kwenye hoteli moja ya juu, upande wa Kilakala. Alimpokea Felista barazani, mbele yake kompyuta mbili na sahani ya matunda ambayo hakuigusa.

"Tarehe kumi na moja Juni ulikuwa wapi?" Felista hakusalimia.

"Karibu, afande. Nilikuwa Kairo, kwenye semina ya leseni. Pasi yangu ya kusafiria hii hapa." Alimsukumia. Mihuri ya uwanja wa ndege ilikuwa wazi: kutoka tarehe nane, kurudi tarehe kumi na tatu.

"Traksuti zenu nani anazo?"

"Mpya? Tumegawa kama mia hivi. Wachezaji, wadau, waandishi."

"Na hati ya Mkuyuni uliipokea kwa nani?"

"Kwa wenye timu. Ilikuja imekamilika, sahihi, mhuri. Mimi sikagui nyoyo za watu, nakagua viambatisho. Tarehe thelathini dirisha la leseni linafungwa."

"Kuna wasichana ishirini na wanne wamesoma mtandaoni kwamba wamehamishwa. Uliongea na hata mmoja?"

Raphael aliinua mabega. "Soka la wanawake, kwetu sisi, ni kipengele namba kumi na nne kwenye fomu. Siwezi kuongea na kipengele."

Felista aliisogeza mbali ile sahani ya matunda, asije akammwagia. Kisha akauliza kwa upole ambao waliomfahamu wangeuogopa: "Wenye timu, nani hasa?"

"Mkurugenzi wetu mtarajiwa. Twalibu."

"Mkurugenzi?"

"Wa soka la wanawake. Ataanza Julai, ofisi Dar." Raphael aliona uso wa inspekta umebadilika, akaanza kuchagua maneno. "Ni mtu mzuri. Alikuwa nasi hotelini Dar tangu tarehe mosi Juni mpaka tarehe tano, tukipanga mambo. Huyo mama mjane ndiye alikuwa amebaki kusaini, na Twalibu alisema atalishughulikia."

"Tarehe mosi mpaka tarehe tano? Bila kutoka?"

"Tulikula pamoja kila siku. Picha ninazo."

"Nitumie zote, sasa hivi, na uniandikie haya uliyosema."

Hafidhi alizikwa tarehe tatu.

Kwenye ngazi za hoteli Felista alimtumia Mama Jayshree picha ya Twalibu. Jibu lilikuja kabla hajafika kwenye pikipiki yake: Huenda ndiye. Barakoa ilimfunika. Kuapa siwezi, dada. Felista alitukana kwa Kipare, mlinzi wa geti akacheka bila kuelewa.

Alikuwa na sababu ya Twalibu kutenda, lakini hakuwa na ushahidi kwamba mkono ulikuwa wake. Wakili yeyote angesimama aseme: ameagiza Raya, kwa jina lake, kwa kumtuma mwanamume. Mhuri halisi ndio ungesema, nao ulikuwa haujulikani ulipo. Hiki kimebebwa, kile kimefichwa, Raya alikuwa amesema. Saa nne na nusu Felista alipita Bigwa, akashika barabara ya Matombo. Kiroka akapita bila kusimama, na ingawa jua lilikuwa kali, upepo wa mlimani wa mwezi Juni ulimpenya kwenye mikono ya koti.

Mkuyuni, uwanja wa mpira uko mkabala na soko. Wasichana walikuwa wamekaa kwenye nyasi bila viatu vya mpira, hakuna aliyekuwa anafanya mazoezi. Mmoja, mrefu, jezi namba kumi, alisimama alipoiona pikipiki.

"Wewe ndiye Yasmin?" Felista alimuuliza. "Binti wa Raya?"

"Mimi ni binti wa Hafidhi."

"Mama yako..."

"Mwambie asirudi hapa." Macho ya Yasmin yalikuwa yamevimba. "Baba hajafikisha hata arobaini, yeye keshatuuza. Amefanya nini, ameona maiti hasemi?"

"Una uhakika kama ni yeye?"

"Mwenyekiti mwenyewe alituonyesha sahihi. Alilia hapa hapa."

Felista alitaka kumwambia mengi. Alimwambia moja tu. "Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye saruji. Hakuniuliza habari za kesi wala dhamana. Aliniuliza kama siku za mahabusu zinahesabika kwenye eda ya baba yako. Mimi sikujua la kumjibu."

 Yasmin akageuka akaenda zake upande wa msikiti bila kuaga.

Nyumbani kwa marehemu Felista aliwauliza majirani swali moja, kila mmoja peke yake: siku ya maziko, watani walichukua nini? Alitegemea kusikia habari za sufuria. Fundi cherehani wa nyumba ya pili aliangua kicheko kabla hajajibu, kisha akajiziba mdomo kwa heshima ya msiba.

"Si mhuri! Bibi Chausiku aliuteka mhuri. Hujasikia?"

"Sijasikia," Felista alisema polepole. "Endelea."

"Kwani polisi hawajui? Mkuyuni nzima inajua."

"Mlituambia?"

"Mlituuliza? Mlikuja na gari, mkamchukua mtu, mkaondoka. Tena sisi tulidhani mjomba wa marehemu ameshaukomboa akamrudishia mjane, ndipo akapata wa kugongea; aliye edani hapelekewi vituko vya makaburini."

Bibi Chausiku alikuwa anachagua maharage barazani kwake, juu kidogo ya barabara, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Alikuwa mtani wa lukolo la marehemu, ukoo wa mama yake, na kazi ya mtani kwenye msiba aliijua barabara: kuwachekesha wafiwa, kumwigiza marehemu, na kuteka kitu chake alichokipenda mpaka wenye marehemu wakikomboe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na jogoo?"

"Jogoo gani, bibi?"

"Wa mhuri wangu. Mjomba mtu ameniahidi jogoo siku ya arobaini. Bila jogoo siachii." Aliingiza mkono kwenye mfuko wa maharage, akatoa kitu kilichoviringwa kwenye kitambaa. Kilikuwa mhuri wa mbao, mpini umeng'aa kwa miaka ya kushikwa, na kidau cha wino wa zambarau.

Felista aliketi chini, kwenye mkeka. 

"Umekuwa nao tangu lini?"

"Tangu jeneza linatoka uani. Haujalala nje ya mfuko huu hata siku moja. Hafidhi alikuwa hapitishi kitu bila mhuri, wewe hukumjua. Basi nikavaa koti lake, nikasimama kwenye njia ya jeneza, nikawaambia wanaume, leo hakuna anayeingia makaburini bila kibali cha katibu. Wakacheka mpaka wakalia. Nikawagonga mkononi, mmoja mmoja, hapa." Alijipiga nyuma ya kiganja. "Arobaini na mmoja. Niliwahesabu. Na shekhe nikamgonga."

"Mwenyekiti Twalibu naye ulimgonga?"

Mikono ya bibi ilisimama juu ya maharage. Uso uliokuwa na mzaha ukakauka. "Huyo simjui siku ile. Hafidhi alimlipia bwana yule ada ya mtoto wake alipofukuzwa kazi. Maziko yanatangazwa msikiti hadi msikiti, yeye haji. Alikuja hitima, amevaa viatu vipya, anasema alipata udhuru."

Hapo Felista alielewa kosa la mtu wake, na hasira yake ikapata mahali pa kusimama. Aliyesema mhuri uko ndani kwa mjane hakuwa amegongwa mkono. Kila mwanamume aliyembeba Hafidhi alikwenda nyumbani na duara la zambarau, akalala nalo, mkewe akaliona. Mtu mmoja tu mwenye shughuli na mhuri ule hakujua umekwenda wapi, kwa sababu siku rafiki yake anazikwa alikuwa hotelini Dar akipigwa picha. Ule ujumbe wa Raya ama haukumfika, ama aliupuuza.

Alifanya kazi yake kwa utaratibu. Akaandika maelezo ya bibi. Akachukua maelezo ya fundi cherehani, ya muuza ndizi na ya mwadhini, kila mmoja peke yake, na muuza ndizi akamwonyesha picha kwenye simu: mikono sita imeshika jeneza, duara la zambarau juu ya kila mkono. Kisha akarudi kwa Bibi Chausiku kuuchukua mhuri kama kielelezo.

"Jogoo," bibi alisema.

"Bibi, hii ni serikali."

"Serikali si mtani wangu. Jogoo."

Saa saba kasorobo Inspekta Felista Mbwambo alikuwa sokoni Mkuyuni anapatana bei ya jogoo mwekundu, na hakukumbuka kama aliwahi kununua kitu kwa moyo mweupe vile. Bibi alimpokea jogoo, akamkagua mbawa, akamkabidhi mhuri. Kisha akajifunga kanga ya pili, akasema anakwenda mjini naye, kwa sababu anataka kumwona huyo Twalibu akiwa ameketi.

Twalibu aliitwa kituoni kuongeza maelezo. Alikuja kutoka kwake Mzinga, upande wa mjini, saa nane na dakika kumi, begi dogo la karatasi za timu begani, leso tayari mkononi. Afande Abdulatif alikaa pembeni, saa yake mkononi.

"Utuwie radhi kukusumbua, mwenyekiti," Felista alisema. "Wakili wa mtuhumiwa atataka kuonyesha kwamba hamkuwa karibu na familia. Nataka niandike jinsi ulivyokuwa karibu na marehemu."

"Hafidhi alikuwa ndugu yangu," Twalibu alisema, na machozi yakaja kweli.

"Ulimzika?"

Aliyumba kwa nukta moja tu. Mbele ya polisi wawili, mwenyekiti mzima angesemaje kwamba hakumzika katibu wake? "Nilimzika. Nilishika jeneza mbele, upande wa kulia."

Felista aliandika, akamsomea, akampa kalamu. Twalibu akasaini.

"Ulipotoka makaburini, mkono wako ulikuwa na nini?"

"Mkono?"

"Huu wa kulia. Nyuma ya kiganja. Wenzako wote walikuwa na kitu."

Twalibu aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Udongo," alisema. "Udongo wa kaburi, kama wenzangu."

Abdulatif aliacha kutazama saa.

Felista alifungua kitambaa, akauweka mhuri wa mbao mezani. Kando yake akaweka picha ya mikono sita, picha za kurasa za madaftari ya Mama Jayshree, na picha aliyotuma Raphael: tarehe tatu Juni, Twalibu na sahani ya samaki, anacheka.  Aliufungua mlango, akamwita Bibi Chausiku.

"Bibi, huyu ulimgonga?"

"Huyu?" Bibi alimtazama kutoka juu hadi kwenye viatu. "Huyu hakuja. Angekuja angejua mhuri ninao mimi. Angetafuta mwingine wa kumsingizia."

Mkono wa Twalibu ulishuka kwenye begi, ukashika zipu.

"Toa," Felista alisema. "Taratibu. Uweke hapo mezani."

Ulikuwa mdogo, wa plastiki, wa kubonyeza. Abdulatif mwenyewe ndiye aliyeugonga juu ya karatasi tupu. Duara la buluu, mpira wenye mishono minene.

"Timu ingekufa," Twalibu alisema. Leso ilikuwa imeanguka. "Hafidhi alikuwa anawaendesha kwa ndizi na dua. Soka sasa ni biashara, afande. Niliwatafutia pa kwenda."

"Ulijitafutia ofisi!" Felista alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Na kama uliliona ni jambo jema, kwa nini hukusaini jina lako? Wewe ni mwenyekiti! Ulimchagua Raya kwa sababu yuko edani. Ulijua hatatoka nje kuuliza, hatakwenda uwanjani kujitetea, watu watamsema mlangoni kwake naye yuko ndani anamlilia rafiki yako. Kisha watu walipoanza kuuliza ukaja hapa ukalia, ukijua leseni itatoka kabla kesi haijasikilizwa, na sisi, wajinga wa serikali, tukakupa karatasi ya kupangusia machozi."

Neno la mwisho alilisema akimtazama bosi wake. Abdulatif alikiokota kiti, akakisimamisha. "Mwandikie shitaka," alisema kwa sauti ndogo. "Na yule mama mtoe."

"Utamtoa wewe, afande. Wewe ndiye uliyemwingiza."

Walikwenda wote wawili. Abdulatif alifungua mlango wa mahabusu, akasema mambo ya kuomba radhi, maneno ya kiofisi yaliyotoka yamejikunja. Raya alisimama kwa kushika ukuta.  Alimtazama Felista.

"Uliuliza, afande? Zile siku?"

Felista alikuwa amepanda mlima, amenunua jogoo, amemkamata mtu, na hilo moja alikuwa amelisahau.  Kabla hajaungama, sauti ilitoka nyuma yake, koridoni.

"Zinahesabika, mama."

Yasmin alikuwa bado amevaa jezi namba kumi. Vumbi la barabara ya Matombo lilimjaa mpaka kwenye kope, na mkononi alishika kandambili za mama yake.

"Nimemuuliza shekhe," alisema. "Amesema hata siku moja haijapotea."

Alipiga magoti kwenye saruji, akaanza kumvisha mama yake kandambili, mguu mmoja kwanza, kisha wa pili.